Nauza mahamri, na nikila mahamri tumbo linafura. Ni gluteni au ni nini?

BintiMajengo (Mombasa)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Nivumilieni, swali langu ni refu na mimi si mtu wa kuandika.

Kazi yangu ni mahamri na chapati. Unga naukanda usiku kwa tui na iliki, alfajiri karai liko motoni, na jua likichomoza makondakta na walimu wa shule ya jirani wako mlangoni. Mahamri kwa mbaazi za nazi ndiyo staftahi yangu mwenyewe pia, na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Mchana nikichelewa kupika nakula chapati zilizobaki.

Sasa ni muda mrefu, tangu kabla sijamwachisha ziwa mwanangu wa mwisho, nikishakula hivyo tumbo linafura. Si kushiba kwa kawaida. Linakuwa gumu kama ngoma, linaunguruma mpaka mteja anasikia, na kufika saa nne nimeshalegeza leso. Kuna jirani kanipa hongera ya mimba, na mimba sina. Siku nyingine naharisha, siku nyingine choo hakitoki kabisa. Halafu uchovu, wallahi, uchovu wa kukaa kwenye kibao cha mbuzi nikasinzia nazi ikiwa mkononi. Damu kila nikipima iko chini. Vidonge vya kuongeza damu nameza kila asubuhi na chai yangu, haipandi.

Zahanati nimekwenda. Kwanza niliambiwa amiba, kisha taifodi, kisha wale bakteria wa vidonda vya tumbo, kisha amiba tena. Dawa zote nimemaliza. Nafuu inakuja siku chache, inaondoka.

Kilichonifanya niandike ni safari ya Pate. Nilikwenda kwa bibi mzaa mama kwa ajili ya arusi, nikakaa. Kwa bibi ni wali, samaki, muhogo na mkate wa mofa wa mtama. Ngano sikuiona mpaka siku ya arusi yenyewe. Chai ni ya rangi na tangawizi, maana ng'ombe wa jirani alikuwa hakamwi. Tumbo langu likatulia kabisa. Nimerudi Mombasa, nimekula mahamri yangu ya kwanza, adhuhuri yale yale.

Shoga yangu anayefanya kazi Muscat kaniambia: hiyo ni gluteni, ile protini ya ngano, acha ngano leo hii, nunua unga maalumu. Unga huo nimeuona supamaketi, pakiti moja ni bei ya kuku. Na mimi nikiacha ngano nitauza nini?

La mwisho, sijui kama linahusu. Nikichunga unga napiga chafya mfululizo na macho yanawasha. Na binti yangu wa darasa la pili ni mdogo wa umbo kuliko wenzake.

Hizi ndizo dalili zenyewe? Niache ngano sasa hivi?

Mzee_wa_Chumbageni (Tanga)

Pole sana binti yangu. Lakini haya mambo ya gluteni ni maradhi ya Wazungu, yameletwa na simu hizi. Sisi tumekula mkate wa ajemi, tumekula bokoboko kila Idi, na bokoboko ni ngano tupu na nyama, na hatukusikia mtu kaugua ngano. Chukua habbat soda asubuhi kabla hujala kitu, punguza mafuta, tumbo litatulia.

PipetiYaDar (Dar es Salaam)

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo nakupinga. Watu walioonekana kuwa na ugonjwa wa siliaki, ule ambao gluteni inasababisha mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, kwa kiwango kikubwa kuliko wengine wote si Wazungu. Ni Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu. Watoto wao walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Duniani kwa jumla hukadiriwa mtu 1 katika 100. Huku kwetu wengi tunakula ugali na wali, hilo linasaidia, lakini pia hatupimi. Mtu akija na tumbo huandikiwa amiba. Kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, kikionyesha chochote huandikiwa na taifodi juu yake, na kipimo hicho kinasingizia watu wengi. Nasema hivi nikiwa ndani ya maabara, kila siku nakiona.

Dada BintiMajengo, mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Nakuomba ushike jambo moja hata kama hutasoma mengine: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha siliaki kinaitwa tTG-IgA. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa huzitengeneza unapokutana na gluteni. Ukiacha ngano, kingamwili hizo hushuka, na karatasi itasema huna wakati unao. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kutoa damu. Wewe kwa hilo huna kasoro, mahamri asubuhi na chapati mchana.

Ukifika maabara waambie wakupime na jumla ya IgA, ambayo ni aina ya kingamwili. Kuna watu miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG-IgA inaweza kutoka chini hata kama utumbo umeharibika. Si kila maabara ina kipimo hiki, na nyingine hupeleka damu mbali na majibu hukaa siku kadhaa, kwa hiyo piga simu kwanza usipoteze nauli. Majibu yakiwa juu, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa kwenye kamera inayopita mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, vinatolewa vipande vidogo vya nyama, vinaangaliwa kwa hadubini.

Kuhusu dalili, tumbo kufura peke yake halitwambii kitu. Siliaki hufurisha tumbo, maziwa hufurisha, maharage hufurisha, giadia, kimelea wa maji machafu, naye hufurisha. Kilichonifanya nikuandikie usiku huu ni damu yako isiyopanda. Madini ya chuma hufyonzwa hasa pale mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo siliaki huharibu zaidi. Wapo wagonjwa wasio na shida ya tumbo hata kidogo, wana damu ndogo tu, au vidonda vya mdomoni vinavyorudi, au mifupa dhaifu, au mimba zinazotoka, au malengelenge yanayowasha mno kwenye viwiko, magoti na makalio. Unalo lolote katika hayo?

Ila hapo hapo umeandika neno lililonitia shaka. Vidonge vya damu unameza *na chai*! Chai huzuia chuma kisiingie mwilini, na maziwa hayasaidii. Meza kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, chai iache ikae saa moja au mbili. Na samahani kwa swali hili mbele za watu, hedhi yako ikoje?

Halafu meza yako ya asubuhi ina watuhumiwa watatu na wewe umemkamata mmoja. Kuna ngano, kuna mbaazi, kuna maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika tumbo lao limepoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, isipokuwa jamii za wafugaji, na hao wengine wakinywa kikombe kikubwa hupata haya haya unayoyasema: gesi, ngurumo, kuharisha. Pate uliacha ngano, ndiyo, lakini ng'ombe wa jirani alikuwa hakamwi. Mbaazi je, mlikula?

Na hata ngano ikithibitika, si lazima iwe gluteni. Ndani ya ngano kuna wanga wa aina fulani unaoitwa fruktani, umo pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Huchachuka tumboni na kutoa gesi. Wanorwe walichapisha jaribio mwaka 2018: watu waliojiamini kwamba gluteni inawaumiza walipewa vitafunio bila kujua vina nini, na kwa jumla fruktani iliwasumbua kuliko gluteni. Kwa hiyo niambie, pilau ya vitunguu vingi inakufanyaje?

Ule unaoitwa usikivu wa gluteni bila siliaki upo, madaktari wanautambua, lakini hauna kipimo cha damu. Mtu hupewa jina hilo baada ya siliaki kuondolewa na mzio wa ngano kuondolewa, kisha akiacha gluteni anapata nafuu na akirudishiwa anaumwa tena. Ndiyo maana hauwezi kuwa wa kwanza kusemwa, hata na shoga wa Muscat.

Chafya zako nazirudia baadaye, zina habari yake.

Mngambo_Uholanzi (Utrecht)

Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, nakaa Uholanzi, na mwanangu wa pili ana siliaki. Nimeona hilo la mtoto wa darasa la pili nikashindwa kupita.

Wangu alikuwa na tumbo kubwa na mikono myembamba, na alikuwa mtoto wa hasira. Hasira ya kulia bila sababu, kutupa sahani, kukataa kubebwa. Bibi yake kwa simu alisema kaangaliwa na jicho baya, tumsomee. Tukamsomea, na daktari naye akatazama kadi yake ya kliniki. Mstari wa uzito ulipanda vizuri mpaka alipoanza kula mkate, kisha ukalala. Kadi ndiyo iliyosema. Dada, kadi ya binti yako ya kliniki bado unayo?

Huku Uholanzi ndiko ngano ilikogundulika kuwa ndiyo inayowaumiza wenye siliaki. Daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa ameshaanza kuishuku kabla ya vita. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukawa adimu, na watoto wake wa siliaki, ambao ulitegemea wafe wa kwanza, wakapata nafuu. Mkate uliporudi wakaugua upya. Aliandika tasnifu yake hapa Utrecht mwaka 1950. Muuguzi alinisimulia habari hii siku ya majibu, nadhani ili nisilie.

Tahadhari moja kutoka jikoni kwangu, kwa sababu watu hudhani ngano ni mkate na chapati basi. Urojo wetu wa Unguja unakolezwa kwa unga wa ngano. Tambi za futari ni ngano. Katlesi hupakwa chenga za mkate. Viazi vya karai, inategemea nani kapika. Uji wa lishe wa pakiti mara nyingi umechanganywa ngano pamoja na soya na karanga, na watu wanampa mtoto mgonjwa wakidhani wanamsaidia! Shayiri nayo ina gluteni, kwa hiyo uji wa shayiri wa Ramadhani haufai. Hata kitumbua, ambacho asili yake ni mchele, wapo wanaotia kikombe cha ngano kishikane. Na mafuta yaliyokaangiwa sambusa hayakaangi tena muhogo wa mgonjwa.

Baba alituletea unga wa mtama kutoka nyumbani, mfuko mzima kaubeba begani, na mtoto akaumwa. Mtama hauna gluteni. Lakini mashine ile ilisaga ngano ya mtu mwingine kabla ya mtama wetu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo, vumbi la mashine linapita hapo bila taabu. Sasa tunanunua punje, tunaosha, tunasaga wenyewe.

Na huo unga wa bei ya kuku uache kwanza. Sisi tuna mchele, muhogo, mtama, ulezi, mahindi, ndizi, viazi. Mwanangu anakula vibibi na mkate wa kumimina, na wenzake wa Kidachi wanamuomba.

Mzee_wa_Chumbageni (Tanga)

Marahaba Pipeti. Hayo ya Wasaharawi sikuyajua. Habbat soda lakini naishikilia.

BintiMajengo (Mombasa)

Ahsanteni sana, nimesoma nikarudia kusoma.

Pipeti, nakujibu. Mbaazi Pate hatukula, ni kunde siku moja moja. Pilau inanifurisha kidogo, si kama asubuhi. Malengelenge sina, vidonda vya mdomo sina, mimba hazijanitoka alhamdulillah. Hedhi ni nzito, ni ya siku nyingi, na ilikuwa hivyo tangu nilipomzaa huyu wa mwisho. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Chafya zinakuja pale pale nikichunga, kabla sijala chochote. Nikila mahamri chafya hakuna.

Dada wa Utrecht, kadi ninayo. Mstari wa binti yangu haukuwahi kulala, unakwenda sambamba tangu amezaliwa, ila uko chini chini. Baba yake naye ni mfupi.

Kamera naiogopa.

PipetiYaDar (Dar es Salaam)

Kamera haijafika, tuanze na sindano. Mstari unaokwenda sambamba ni habari nzuri kuliko ulioanguka, hasa baba akiwa mfupi. Bado mpeleke akapimwe urefu na uzito sasa, na minyoo. Wewe ukitoka na siliaki, yeye na ndugu zake inabidi wapimwe hata wakiwa wazima, kwa sababu ndugu wa damu wa karibu hatari yao ni kubwa, karibu mmoja katika kumi.

Hedhi mwambie daktari kwa jina lake, usiseme "uchovu" ukanyamaza.

BintiMajengo (Mombasa)

Nimerudi na majibu.

tTG-IgA imetoka hasi, na jumla ya IgA ni ya kawaida. Nilikula ngano mpaka siku ya kutoa damu kama ulivyoagiza. Daktari, mama mmoja mtulivu, kasema siliaki haielekei. Nilimweleza na hedhi, kaniandikia picha ya ultrasaundi ya kizazi, nangoja siku yake.

Kisha kanipa kazi ya nyumbani: niondoe kitu kimoja kimoja, si vyote pamoja, na niandike kwenye daftari. Nikaanza na maziwa kwa sababu ya maneno yenu. Mahamri nakula, mbaazi nakula, chai ni ya rangi. Jamani. Kuharisha kumekwisha. Kufura kumepungua nusu. Nilikuwa tayari kufunga biashara kwa kosa la ng'ombe!

Nusu iliyobaki nikaihamishia kwa mbaazi. Sasa naziloweka usiku kucha, maji yale namwaga, nachemshia mengine. Hapo pia kuna nafuu. Ngano ndiyo imebaki, na hiyo bado sijui. Mahamri mawili siyasikii. Chapati tatu nazisikia. Daktari kasema huenda ni kiasi tu, nile ninachoweza. Nimeanza kukaanga na vitumbua vya mchele pembeni, vya kwangu, lakini walimu wameviona na sasa vinaisha kabla mahamri.

Vidonge vya damu nameza kwa maji ya ndimu. Kipimo cha damu narudia mwezi ujao.

Shoga wa Muscat hakubali. Anasema maabara imekosea.

Mngambo_Uholanzi (Utrecht)

Alhamdulillah! Mwambie shoga mwenye mtoto wa siliaki kasema hakuna anayeutamani ugonjwa huu.

PipetiYaDar (Dar es Salaam)

Safi sana dada. Na hata ngano ikikutwa na hatia kidogo, kwa chapati tatu nakisia fruktani kuliko gluteni, maana mahamri mawili na chapati tatu tofauti yake ni wingi. Mwenye siliaki hana mahamri mawili ya salama, hata kipande.

Sasa chafya. Sikutaka kuzichanganya na yale mengine, kwa sababu si habari ya tumbo. Chafya na macho kuwasha unapochunga unga, bila kula, huo unafanana na mzio wa vumbi la unga. Waokaji wa mikate huupata sana, na kwa baadhi yao baada ya miaka hugeuka pumu. Mtu huyo huyo anaweza kula mkate asipate neno, kama wewe. Mzio wa kula ngano ni mwingine. Huo huja ndani ya dakika chache au saa moja mbili, ngozi hututumka, midomo huvimba, pumzi hubana, na huo haungoji miadi, ni kukimbilia hospitali.

Mwambie daktari wako habari za chafya, wewe hukumwambia, nimeona hukuandika. Kwa sasa chungia nje au dirishani upepo ukiwa nyuma yako, funga barakoa nzito si leso, mimina unga taratibu karibu na beseni usirushe kutoka juu, na meza ifute kwa kitambaa kibichi badala ya kupiga ufagio. Binti yako asisimame karibu wakati huo. Na ukianza kukohoa usiku au kifua kubana siku za kazi kisha kupoa siku za mapumziko, nenda wiki hiyo hiyo, usingoje mwezi ujao wa kipimo cha damu.